Petroli Nayo Ipande Mizani

Kuna kauli inayozunguka siku hizi vijiweni, redioni na hata vinywani mwa wasomi wa mazingira, nayo husemwa kwa uhakika wa mtu aliyefumbua fumbo: gari la umeme halipunguzi uchafu, linauhamisha tu. Moshi, wanasema, umetoka kwenye ekzosi ukahamia kwenye mtambo wa kufua umeme. Madini ya betri yamechimbwa na watoto wa Kongo. Betri yenyewe ikishakufa itatupwa kwenye majalala yetu. Kwa hiyo, wanahitimisha, mwenye gari la petroli asionewe, maana wote tunachafua sawasawa.

Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, siwezi kuiacha ipite. Si kwamba kila kilichomo ni uongo. Mengine ni kweli tupu na nitayafikia. Kosa lake liko kwenye hesabu. Gari la umeme huanza kuhesabiwa tangu shimoni, kila kilo ya madini na kila tone la jasho. Gari la petroli huanza kuhesabiwa kwenye ekzosi, kana kwamba mafuta huchotwa kisimani nyuma ya sheli. Ukipima hivyo, jibu umeshalipata kabla hujapima.

Basi tuifuate petroli nayo kule inakotoka. Kenya haijasafisha mafuta ghafi tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013, na majirani zake wanategemea mafuta yaliyosafishwa ng'ambo. Petroli inayochomwa Nairobi, Kampala, Kigali na Goma ilichimbwa, ikasukumwa kwenye mabomba, ikachemshwa kiwandani huko Ghuba au India, ikapakiwa melini, ikapakuliwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha ikapandishwa bara kwa bomba na kwa malori yanayokunywa dizeli siku nzima milimani. Kila hatua ina moshi wake. Na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto njia nzima hadi nyuzijoto 50, kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda. Kwa maneno mengine, mafuta hayo yatakula nishati hata kabla hayajafika kwenye injini ya mtu. Wanaohesabu kila hatua ya betri wangehesabu na hizi.

Sasa tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo kauli ya "uchafu umehamishwa" inapodai kuwa na nguvu. Tuipe nafasi yake bora kabisa: nchi ambayo kila uniti ya umeme inatoka kwenye makaa ya mawe. Gari dogo la umeme hutumia uniti 18 hivi kwenda kilomita 100, na makaa ya mawe hutoa takriban kilo moja ya hewa ukaa kwa kila uniti. Hizo ni kilo 18, na ukihesabu umeme unaopotea kwenye nyaya unapita 20. Gari la petroli la ukubwa huohuo hunywa lita 8 kwa umbali huo. Kila lita ikiungua hutoa kilo 2.3, jumla kilo 18 na ushei. Ongeza kama robo kwa ajili ya kuchimba, kusafisha na kusafirisha, unafika 23. Yaani hata kwenye nchi ya makaa matupu, magari haya mawili yanakaribia kutoka sare. Sababu ni kwamba injini ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na nyingine yote hutoka kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Mota ya umeme hupoteza moja ya kumi hivi.

Na nchi zetu si za makaa matupu. Kenya hupata takriban tisa ya kumi ya umeme wake kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Ziwa Turkana na jua. Ni kweli kwamba zaidi ya moja ya tano ya umeme wa Kenya hupotea njiani, na sitaki kuificha hasara hiyo, kwa hiyo niiweke kwenye hesabu: ili uniti 18 zifike kwenye gari, zifuliwe 23 au 24. Mbili na ushei kati ya hizo zitoke kwenye mitambo ya mafuta mazito. Hata ukiongeza gesi inayotoka ardhini pamoja na mvuke wa Olkaria, hewa ukaa ya kwenda kilomita 100 haifiki kilo 4. Linganisha na zile 23 za petroli. Huko si kuhamisha uchafu. Sehemu kubwa ya uchafu imetoweka.

Tena kuna jambo ambalo wenye kauli hii hawaligusi. Usiku wa manane Wakenya wamelala na mahitaji ya umeme yameshuka, lakini visima vya Olkaria havilali; mvuke mwingine huachwa upotee hewani kwa kukosa mtumiaji. Basi la umeme linalochajiwa saa nane za usiku linatumia kitu ambacho kingetupwa. La kukumbuka ni kwamba kuchaji saa moja jioni, wakati kila jiko na kila televisheni imewashwa, ni habari nyingine, ndiyo maana bei nafuu ya usiku kwa vyombo vya umeme, iliyoanza Kenya mwaka 2023, ni jambo la maana kuliko matangazo mengi ya magari.

Tanzania bado huchoma gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara, ila Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115. Ethiopia, ambayo karibu umeme wake wote ni wa maji, ilipiga marufuku uingizaji wa magari ya petroli na dizeli mwaka 2024, hasa kwa sababu fedha za kigeni zilikuwa zinaishia kwenye mafuta. Nchi kama hizi ndizo ambazo hoja ya makaa ya mawe inazifaa kidogo kuliko zote, ilhali ndiko inakorudiwa kwa sauti kubwa. Imeagizwa kutoka mbali, ikavalishwa kanzu ya hapa.

Na mbona hatuisemi juu ya reli? Treni ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma tangu mwaka 2024 inakwenda kwa umeme. Ile ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, inakwenda kwa dizeli. Sijamsikia mtu akidai kwamba treni ya Dodoma imehamisha moshi tu na kwamba ingekuwa heri ivutwe na dizeli. Watu wanaielewa faida hiyo bila kufundishwa. Gari linapokuja na betri badala ya waya juu ya paa, ghafla tunasahau tulichokielewa.

Kwenye utengenezaji, wapinzani wana ukweli mkononi. Gari la umeme huzaliwa na deni. Mwaka 2020 kampuni ya Polestar ya Sweden ilitoa hesabu zake hadharani: kuitengeneza Polestar 2 hutoa tani 26 za hewa ukaa, na kutengeneza Volvo XC40 ya petroli hutoa 14. Hesabu hizohizo zilionyesha kwamba deni hilo hulipwa baada ya kilomita 50,000 gari likichajiwa kwa umeme wa upepo, 78,000 kwa umeme wa mchanganyiko wa Ulaya, na 112,000 kwa wastani wa dunia. Mwaka huohuo nchini Uingereza, ripoti iliyodhaminiwa na kampuni zikiwemo Bosch na Aston Martin iliichukua ile 78,000 na magazeti yakaitangaza kama hukumu. Lakini gari haliishi kilomita 78,000. Dereva wa teksi wa Nairobi anayezunguka kilomita 150 kwa siku huzimaliza 50,000 ndani ya mwaka mmoja hivi, na umeme anaouchaji uko karibu na ule wa upepo kuliko ule wa wastani wa dunia. Baada ya hapo kila kilomita ni faida. Kwa upande wa petroli hakuna siku deni linapokwisha, maana kila safari inakopa upya.

Sasa twende Kolwezi, kwenye migodi ya Kongo. Hapa sitaki kupita haraka, kwa sababu ndugu zetu wa Lualaba na Katanga, wanaozungumza lugha hii hii ninayoandika, wamegeuzwa hoja ya kuwarahisishia wengine mabishano. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia. Sehemu kubwa hutoka kwenye migodi mikubwa ya kampuni. Sehemu nyingine hutoka kwa wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Katika mtaa wa Kasulo, Kolwezi, watu walichimba hadi chini ya sakafu za nyumba zao. Mwaka 2016 Amnesty International, pamoja na shirika la Afrewatch la Kongo, ilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakiokota, kuosha na kubeba mawe hayo. Hakuna neno langu hata moja litakalopunguza uzito wa hayo. Mtu anayeuza gari la umeme na kukwepa kutaja Kolwezi hastahili kuaminiwa.

Ila tuulize: kobalti hiyo imetumikaje miaka yote hii? Ilikuwa kwenye simu na kompyuta zetu muda mrefu kabla ya kuingia kwenye magari. Ni karibu mwaka 2021 tu ndipo magari yalipoipita simu katika kuitumia. Desemba 2019 familia za Kongo zilipokwenda mahakamani Washington kudai haki ya watoto wao waliokufa na kulemaa machimboni, walizishtaki kampuni tano: Apple, Dell, Microsoft, kampuni mama ya Google, na Tesla. Moja tu kati yao ndiyo inayotengeneza magari. Mahakama iliitupa kesi, na rufaa yao ikakataliwa mwaka 2024. Na viwanda vya kusafisha mafuta hutumia kobalti vilevile, kama kichocheo cha kuondoa salfa kwenye petroli na dizeli. Kwa hiyo hata tangi la petroli lina chembe ya Kongo, ingawa sijamwona mtu akiacha kujaza mafuta kwa ajili ya Kolwezi.

Kubwa zaidi ni kwamba teknolojia imeondoka mahali ilipokuwa kauli hii ilipozaliwa. Karibu nusu ya betri za magari ya umeme zilizouzwa duniani mwaka 2024 hazikuwa na kobalti hata kidogo, wala nikeli. Zimetengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfati. Mabasi ya BYD yaliyoanza kubeba abiria Nairobi mwaka 2022 yana betri za aina hiyo. Mtu anayekataa kulipanda basi hilo kwa kuwahurumia watoto wa Kolwezi anakataa kitu ambacho hakijawagusa, kisha anapanda matatu ya dizeli. Na hata betri yenye kobalti hubeba kilo chache tu, mara nyingi kati ya 5 na 12 kwa gari dogo, ambazo huchimbwa mara moja na baadaye huweza kuyeyushwa na kutumika tena. Petroli ikishaungua hairudi.

Wakongo wenyewe hawajasema dunia iache kununua madini yao. Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ili kuinua bei iliyokuwa imeporomoka, na Oktoba ikaweka viwango maalumu vya kuuza. Nchi inayotaka madini yake yasinunuliwe haifanyi hivyo. Kinachodaiwa Kolwezi ni bei ya haki, mashimo salama, shule, na maji yasiyo na sumu ya migodi. Kuitaja Kolwezi ili kuitetea petroli hakumpi mchimbaji hata kimoja kati ya hivyo.

Na kama tumekubali kuhesabu maiti, tuhesabu na za upande wa pili. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Sange, Kivu Kusini, 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka kijijini, wengine wakiwa ndani wanatazama mpira wa Kombe la Dunia, wakafa zaidi ya 200. Mtaa wa Sinai, Nairobi, Septemba 2011: petroli ilivuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni kati ya mabanda, ikawaka. Sachangwan, Kenya, Januari 2009: lori jingine la mafuta, moto uleule. Mto Thange karibu na Kibwezi, mwaka 2015, bomba la Mombasa na Nairobi lilivuja, na wakulima wakabaki na visima na mashamba yasiyofaa. Tukivuka hadi Nigeria, Umoja wa Mataifa ulipopima maji ya Ogoniland mwaka 2011, ulikuta kisima cha Nisisioken Ogale chenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango salama, na ukakadiria kwamba kusafisha eneo zima kungechukua miaka 25 hadi 30. Ogoniland ndiko alikotoka Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyenyongwa mwaka 1995 kwa sababu hakunyamaza juu ya uchafuzi huo.

Hayo yote ni athari za gari la petroli. Tumeyazoea kiasi kwamba tunayaita ajali, ilhali ya betri tunayaita kasoro ya teknolojia. Sikubali tofauti hiyo. Waliozikwa Morogoro walikufa kwa sababu mfumo wetu wa usafiri unahitaji maelfu ya malori yaliyojaa kimiminika cha moto yapite katikati ya miji yetu kila siku, mwaka baada ya mwaka, na hautaacha kuyahitaji mpaka tuache kukichoma.

Bado kuna hofu ya betri zilizokufa, ambayo ni halali. Lakini nani aliyetuambia kwamba gari la petroli halina betri? Ile ya risasi na asidi iliyo chini ya boneti imeua Mombasa. Kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliendeshwa ubavuni mwa mtaa wa Owino Uhuru, Changamwe, na watoto wakakutwa na sumu ya risasi katika damu. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake alikuwa mmoja wao, aliongoza mapambano hayo hadi akapewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, serikali ikakata rufaa, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu iliporudisha fidia hiyo. Kama tunataka kujifunza juu ya taka za betri, somo liko Changamwe, na linahusu usimamizi mbovu wa betri za magari tuliyoyazoea.

Betri za lithiamu nazo zinaweza kutuletea balaa tukizipokea kizembe. Magari ya Nissan Leaf ya miaka ya mwanzo, tangu 2010, hayana mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto huyachosha mapema. Mengi ya hayo ndiyo yanayokuja kwetu kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Mnunuzi huuziwa gari linalokwenda kilomita 70 akiambiwa ni 150, kisha huapa kwamba umeme ni utapeli. Tiba yake inajulikana: gari lisishushwe bandarini bila cheti cha afya ya betri, na anayeingiza betri nchini afungwe na sheria kuipokea tena ikichoka. Betri iliyoshindwa kusukuma gari mara nyingi bado ina uwezo wa kuhifadhi umeme wa jua wa zahanati au wa duka kwa miaka.

Lipo pia jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe. Jeepu la umeme la tani mbili na nusu lenye mtu mmoja ndani, limekwama kwenye foleni ya Barabara ya Thika, si ushindi wa mazingira. Betri yake kubwa ingetosha kuendesha makumi ya bodaboda, na matairi yake mazito yanamwaga vumbi la mpira barabarani kama ya gari lolote. Faida kubwa kwetu iko kwenye vyombo vinavyotembea kutwa: mabasi, matatu, daladala, bajaji na bodaboda. Pikipiki ya umeme ina betri ndogo, deni lake la kiwandani ni dogo, na inazunguka mjini kuanzia alfajiri hadi usiku. Kigali imeliona hilo. Tangu Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa kazi ya kubeba abiria. Na faida yake haimalizikii kwenye hali ya hewa ya dunia. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma kituoni, trafiki wa kwenye mzunguko, mtoto anayesubiri basi la shule, hao ndio wanaovuta moshi wa magari makuukuu, mengi yakiwa yameng'olewa kichujio cha ekzosi ili madini yake yauzwe. Mtambo wa Olkaria hauwapulizii chochote puani.

Wapo wanaoyakubali haya yote, kisha wanasema: tungoje kwanza, umeme uwe safi kabisa, Kongo ipate haki, betri ziwe bora, ndipo tuhame. Wanazungumza kana kwamba kungoja hakuna gharama. Gari la petroli linaloingia Kilindini au Dar es Salaam leo litatembea hapa miaka 15 au zaidi. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka na lita 8 kwa kila kilomita 100, litakuwa limechoma lita 18,000. Hizo ni zaidi ya tani 13 za petroli, na hewa ukaa itokanayo nazo inapita tani 40, bila kuhesabu meli, bomba wala lori. Hakuna mgodi safi utakaofunguliwa Lualaba mwaka 2035 utakaozirudisha ardhini. Lakini gari la umeme lililonunuliwa leo huzidi kuwa safi kadiri umeme wa nchi unavyokuwa safi: mtambo mmoja wa mafuta mazito ukizimwa pale Kipevu, Mombasa, kila basi na kila pikipiki ya umeme nchini inapunguza uchafu wake usiku huohuo, bila mwenye nayo kubadilisha hata nati moja.